Neno “Juu”: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Pepo Katika Nyumba Moja ya Majengo

Kisa hiki kilitokea nyumbani kwa mama yangu, Majengo, Mombasa, usiku wa Ijumaa moja ya mwezi wa Desemba, na kikaendelea kwa siku tatu kabla ya mmoja wetu kuelewa alichokuwa akikisikia. Aliyepatwa ni binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 19, ambaye amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Mimi ni mjomba wake, na ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika shule ya upili. Filamu inayozungumzwa humu niliileta mimi, na maneno yaliyotupotosha sote yalitoka kinywani mwangu kabla ya kutoka kinywani mwake.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Wakati huo wakiishi humo mama yangu, ambaye wajukuu wamwita Bibi, dada yangu aliyeachika, binti huyo, na mdogo wake wa kiume wa miaka 13. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alama zake hazikumfikisha chuo kikuu na karo ya chuo cha ufundi haikupatikana, hata ikaamuliwa aende Saudia kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda mabinti wengi wa Pwani kabla yake. Pasipoti ilikuwa imetoka, vipimo vya afya vilikuwa vimefanywa, na wakala alikuwa amemkabidhi dada yangu shilingi 20,000 za matayarisho, ambazo sehemu kubwa ilikwishalipa deni la dukani na mabati ya paa la nyuma. Safari ilikuwa Januari. Usiku ule hakuna aliyeihusisha safari hiyo na filamu, wala mimi sikuihusisha.

Filamu ni The Exorcist ya William Friedkin, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 26 Desemba 1973. Hadithi ni ya William Peter Blatty, aliyeichapisha kama riwaya mwaka 1971 kisha akaiandikia mswada wa filamu yeye mwenyewe, na mswada huo ukamletea tuzo ya Oscar, moja kati ya mbili ambazo filamu hiyo ilishinda baada ya kuteuliwa mara 10. Blatty alianza kuifikiria hadithi yake aliposikia, akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Georgetown, habari za mvulana mmoja wa jimbo la Maryland ambaye mapadri walimpunga pepo mwaka 1949. Katika filamu mvulana huyo amekuwa msichana, Regan, mtoto wa pekee wa mwigizaji wa sinema aliyeachana na mumewe.

Niliichagua kwa sababu nilitaka kuwaonyesha watu wa nyumbani kwamba filamu ya pepo yaweza kuwa na mawazo mazito, tofauti na zile zinazotegemea kelele na damu peke yake. Nilikosea mahali pamoja ambapo sina la kujitetea: mtoto wa miaka 13 hakupaswa kuwa sebuleni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, imeweka uainishaji wa filamu kwa sababu ya watoto kama yule, na hata Uingereza ilikaa hadi 1999 ndipo ikaipa filamu hii cheti cha video, nacho kikawa cha watu wazima tu. Mzazi ama mjomba anayeona alama hizo ni urembo wa jalada amwangalie mtoto wakati wa usiku, taa zikishazimwa.

Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilikaa karibu naye nikimtafsiria kila kilichosemwa. Nusu saa ya mwanzo ilipita kwa utulivu. Kisha tukafika mahali ambapo mama yake Regan amewaalika wageni, watu wanaimba kwenye piano, na mtoto anashuka kutoka chumbani kwake akiwa na gauni la kulalia, anamkabili mgeni mmoja ambaye ni mwanaanga, anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atakufa huko juu, kisha anajikojolea papo hapo juu ya zulia mbele ya watu wote.

“Yuwasemaje?” akauliza mama yangu.

“Amwambia mgeni: utafia huko juu.”

“Kwani yuwaenda wapi?”

“Angani, Mama. Ni mwanaanga.”

Mpwa wangu akainuka hapo. Hakusema kitu. Alichukua kikombe cha kahawa cha Bibi kilichokuwa kimeshakwisha, akakipeleka jikoni, akaenda chumbani kwake, na hakurudi. Sisi tuliendelea kidogo, kisha mama yangu akasema moyo wake hautaki tena kuitazama, tukaizima.

Saa nane za usiku dada yangu alinipigia simu. Nilipofika, binti alikuwa ameketi kwenye godoro, mgongo wima, macho yamefunguka lakini hayamtazami mtu, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa akisema, kwa kurudia, “Hendi. Atafia huko. Hendi.” Mama yangu alikuwa amemshika mikono akisoma Ayatul Kursi. Mdogo wake alisimama mlangoni akasema, “Asema kama yule wa filamu.” Kauli hiyo ya mtoto ilitufunga akili sote kwa siku mbili. Filamu ina msichana aliyepandwa na pepo anayemwambia mtu atafia huko juu, na hapa tuna msichana aliyetoka kuitazama, naye anasema maneno yale yale. Ilionekana hakuna cha kutafuta zaidi. Mama yangu alisema filamu imemfungulia jinni mlango. Mimi, ambaye hujiona mtu wa vitabu, nilisema ameogopa na anaiga bila kujua. Tofauti yetu ilikuwa juu ya kilichomwingia. Kwamba chanzo ni filamu, tulikubaliana.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Maalim. Aliletwa asubuhi, mtu mpole mwenye umri mkubwa, akamsomea sura za kinga na aya za Baqara, kisha akaandika kombe. Niliketi karibu nikamtazama. Aliandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ya kauri, kwa kijiti alichokichonga, mistari ikizunguka kutoka ukingoni kuja katikati, na alipomimina maji na marashi ya mawaridi herufi zikalegea moja moja hadi sahani nzima ikawa na rangi ya kiini cha yai. Binti alikunywa. Alilala saa tatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu usiku. Alipoamka sauti ikarudi ile ile. Maalim alikataa pesa zaidi ya nauli, akaagiza asomewe jioni na alfajiri, na alipokuwa akivaa makubadhi akamwuliza dada yangu kama kuna jambo linalomsumbua binti. Dada akajibu kwamba hakuna, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Siku ya pili mama yangu alimwita fundi, mwanamke anayejua mambo ya pepo. Maalim asingependezwa, na ndugu wengi wa dini hawapendezwi, lakini mama yangu amekulia katika mji ambao pepo walikuwa na majina na makabila yao, wa Kihabeshi, wa Kimasai, ruhani wa Kiarabu anayetaka udi na mavazi meupe, na kila mmoja na ngoma yake na chano chake. Fundi aliwasha chetezo, akamfunika binti kwa kaniki, akamzungumzisha kwa upole ambao, nakiri, sikuutarajia. Akamwuliza: “U nani?” Hakujibiwa. Akauliza tena, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu. Hakujibiwa. Akauliza: “Haya, wataka nini?”

“Akae.”

Hilo lilikuwa neno lake moja tu mbele ya fundi, na tulilisikia vibaya. Katika uganga wa pepo, mtu anayepandwa huitwa kiti, na pepo anayetaka kumzoea mtu husemwa anataka kukaa. Kwa hiyo waliokuwapo walisikia kwamba pepo anataka kukaa kitini, yaani ndani ya mwili wa binti, na mazungumzo yakahamia mara moja kwenye ngoma: siku ngapi, mbuzi wa rangi gani, gharama kiasi gani. Lakini pepo anayetaka kukaa husema “nikae”. Neno lililotamkwa lilikuwa “akae”. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa chumbani, amekaa mkekani, na herufi moja ya kiambishi cha nafsi ikampita.

Hadi usiku wa siku ya pili alikuwa hajala chochote isipokuwa maji na kombe. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nikikijua kisa cha Anneliese Michel, msichana wa Ujerumani aliyefariki tarehe 1 Julai 1976, akiwa na miaka 23, baada ya mapadri wawili kumfanyia ibada 67 za kupunga pepo kwa muda wa miezi kumi hivi. Alikuwa mgonjwa wa kifafa aliyekuwa ametibiwa kwa miaka, na kilichomwua kilikuwa njaa na ukosefu wa maji mwilini. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadri hao kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Sikumsimulia mama yangu habari hizo. Nilimwambia tu kwamba asubuhi nitakwenda na binti hospitalini, na kwamba Maalim aje vile vile atakapotaka. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia mama yangu jambo bila kumwuliza.

Daktari tuliyemkuta hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipima malaria na sukari ya damu, akauliza kama binti aliwahi kuanguka kifafa, kama alijigonga kichwa, kama kuna dawa anayotumia. Majibu yalipokuwa safi hakusema kwamba basi ni pepo, wala hakusema kwamba hakuna pepo. Alimwuliza dada yangu kama katika miezi hiyo kulikuwa na msiba, mtihani, posa ama safari. Dada alinyamaza. Mdogo wake, tuliyemleta kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia, akasema, “Aenda Saudia Januari.”

Daktari akaweka kalamu chini. “Usiku ule alisema nini hasa? Niambieni maneno yenyewe, si maana yake.”

Nikajibu mimi. Nikamweleza habari za filamu na mwanaanga, na kwamba binti anarudia yale yale, kwamba atafia huko juu.

“Hakusema juu, Mjomba,” akasema yule mtoto. “Wewe ndiwe uliyesema juu. Yeye asema atafia huko.”

Sina hakika kama daktari alielewa papo hapo uzito wa masahihisho hayo. Mimi niliyaelewa. Katika filamu anayetajiwa kifo ni mgeni, naye yuko mbele ya msemaji: utafia. Katika nyumba yetu anayetajiwa kifo ni mtu wa tatu: atafia. Katika filamu pahali pa kifo ni juu, angani. Katika nyumba yetu pahali ni huko tu, bila juu, kama watu wa Mombasa wanavyoitaja nchi za Ghuba kila siku bila haja ya kuzitaja kwa jina: yuko huko, amerudi kutoka huko, ametuma pesa kutoka huko. Neno “hendi” halimo kabisa katika filamu. Na “akae” maana yake ni akae nyumbani. Kwa siku tatu sauti ile ilikuwa ikisema kwa Kiswahili fasaha kwamba binti huyu haendi, akienda atakufa, basi abaki. Nasi kwa siku tatu tulikuwa tukimwuliza mwenye sauti ni nani.

Muuguzi wa kike alikaa naye peke yake kwa muda mrefu siku hiyo na siku iliyofuata. Yaliyosemwa ni yake, nami nitataja lile aliloruhusu. Mwezi wa Oktoba, mtaa wa pili kutoka kwetu, aliletwa msichana kutoka huko ndani ya sanduku. Mpwa wangu alikwenda matangani. Sanduku halikufunguliwa mbele ya wanawake, na mama wa marehemu alikuwa akiwauliza wageni mmoja mmoja kama wao wana hakika kwamba aliyemo ni mwanawe.

Hili laniuma kuliko yote, kwa sababu alikuwa amekwisha kuniambia. Ilikuwa Novemba, jikoni kwa Bibi. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nimesimama mlangoni nikingoja chai. Aliniuliza bila kuinua uso, “Mjomba, na nisipokwenda?” Nikamjibu, “Wenzio wailia nafasi hii, mwanangu.” Hakujibu. Aliendelea kukuna, akakuna nyama nyeupe ikaisha, akaendelea kukuna hadi meno ya mbuzi yakawa yanakwaruza kifuu chenyewe, na mama yangu akamgombeza kwa sababu tui la mchana huo lilitoka na vijiti vyeusi. Sote tulikula wali ule. Kila mmoja aliviona vile vijiti vyeusi, na hakuna aliyeuliza ilikuwaje msichana aliyekuna nazi tangu ana miaka minane akune hadi kifuuni.

Sasa narudi kwenye filamu, kwa sababu nilipokuwa naitazama upya baada ya kisa hiki niligundua kwamba jambo lililotushinda ndilo lililomo ndani yake, na sikuwahi kuliona.

Kwanza, watu wanaoikumbuka kama filamu ya mapadri na laana husahau kwamba sehemu yake nzima hupita mikononi mwa madaktari. Regan anachomwa sindano shingoni ili dawa ya picha ipite katika mishipa ya kichwa, anatolewa maji ya uti wa mgongo, madaktari wanatafuta kidonda katika ubongo na hawakioni. Padri mzee Merrin, aliyeonekana mwanzoni kule Iraki, anafika kwenye nyumba hiyo filamu ikiwa imepita zaidi ya nusu. Padri kijana, Karras, ni daktari wa magonjwa ya akili kwa taaluma. Mama anapomwomba ibada, yeye ndiye anayekataa, na anamjaribu mtoto kwa maji ya bomba akidai ni maji matakatifu; mtoto anapojinyonganyonga Karras anaandika moyoni kwamba huo ni ushahidi dhidi ya pepo. Kanisa Katoliki lenyewe liko upande wake katika hilo. Kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa za 1983 haimruhusu padri kumpunga mtu pepo bila idhini maalumu ya askofu, na utaratibu uliotolewa upya mwaka 1999 unasisitiza kutofautisha kwanza na maradhi. Niliwacheka moyoni waliosema filamu hii inahimiza ushirikina, na bado katika nyumba yangu hospitali ikaja siku ya tatu.

Pili, kuna simu. Mapema sana katika filamu ni siku ya kuzaliwa ya Regan, na baba yake, aliye Ulaya, hapigi. Mama anashika simu na kumfokea opereta kwa maneno makali, na kamera inatuonyesha kwamba mtoto anasikia kila kitu kutoka chumbani. Baba haonekani hata mara moja hadi mwisho. Filamu haisemi kwamba simu ile ndiyo iliyoleta pepo, na ingekuwa filamu dhaifu kama ingesema hivyo. Inaiweka tu pale, kama vijiti vyeusi katika tui.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini. Pepo wa filamu husema kwa muda mrefu, kwa sauti iliyotolewa na mwigizaji mwingine, Mercedes McCambridge. Hutukana, huiga sauti za wafu, humrushia Karras kifo cha mama yake aliyemwacha peke yake. Merrin anamwonya Karras asizungumze naye, kwa sababu huchanganya uongo na ukweli ili awashambulie. Lakini usiku mmoja katibu wa mama yake Regan anamwita Karras, anaifungua nguo ya mtoto tumboni, na hapo ngozi inavimba yenyewe na kuandika maneno mawili ya kuomba msaada. Hayo ndiyo maneno ya Regan mwenyewe katika sehemu yote hiyo ya filamu. Ameachiwa ngozi peke yake kuwa ulimi.

Onyo la Merrin linapingana kabisa na desturi yetu ya pwani. Kwake pepo hazungumzwi, hufukuzwa. Kwa fundi wa Mombasa pepo huulizwa: u nani, wataka nini, nani amekuudhi, tukupe nini ili umpumzishe mtu wetu. Mtaalamu mmoja wa mila, Ioan Lewis, alidai mwaka 1971 kwamba pepo wa namna hii ni njia ya wanyonge, hasa wanawake, kudai kile wasichoweza kukidai kwa vinywa vyao. Linda Giles, aliyefanya utafiti katika pwani hii yetu, alimpinga mwaka 1987 akionyesha kwamba vyama vya pepo miongoni mwa Waswahili havikuwa vya watu wa pembeni tu, bali vilibeba utamaduni mzima wa jamii. Nawaheshimu wote wawili, na naona kisa chetu kingemfaa Lewis kwa haraka kupita kiasi. Mpwa wangu hakupanga hila. Nimemwuliza, na hakumbuki siku ya pili hata kidogo. Akumbuka harufu ya udi tu. Mgawanyo wa maradhi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unaitambua hali kama hiyo, ya mtu kutawaliwa na nafsi nyingine bila hiari yake na kwa mateso, na unaitenga na upandaji unaokubaliwa katika ibada ama mila ya watu. Mimi naamini majini wako, kwa kuwa Qur’ani ina sura nzima yenye jina lao. Kama aliyesema usiku ule alikuwa jinni ama uchungu wa mtoto uliokosa pa kutokea, hilo namwachia Mwenyewe ajuaye. Lakini fundi aliuliza swali lililo sawa, wataka nini, na jibu lilikuwa sahihi. Lililoharibika ni masikio yetu, ambayo tayari yalikuwa yamejaa filamu, mbuzi na ngoma.

Filamu ina jambo moja zaidi ambalo sikuweza kulikwepa. Merrin anakufa chumbani, na Karras, alipoona hakuna njia, anamwita pepo amwache mtoto amwingie yeye, kisha anajirusha dirishani na kuvunjika kwenye ngazi za nje. Watu hubishana kama alishinda ama alishindwa. Mimi naona kwamba hapo ndipo filamu inapotoka katika kutisha na kuingia katika maadili: mtoto hakuokolewa kwa maneno yaliyosomwa, aliokolewa mtu mzima alipokubali kuubeba mzigo mwilini mwake. Nyumbani kwetu mzigo ulikuwa na hesabu. Kulikuwa na shilingi 20,000 za kurudisha, na gharama ya pasipoti na vipimo ambazo wakala alizidai, na mabati yaliyokwisha pigiliwa. Dada yangu alilia akisema amemwuza mwanawe kwa paa. Nilimwambia kwamba si peke yake, kwani barua ya ridhaa ya familia niliisaini mimi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba, nikaenda mwenyewe ofisini kwa wakala na kulipa, na nikarudi na pasipoti. Nilimkabidhi binti mkononi mwake, mbele ya Bibi, nikamwambia ni yake, aiweke atakapo.

Sauti haikutoka tena baada ya siku ya nne. Kula kulirudi polepole, usingizi ukachelewa zaidi, na kwa miezi miwili alihudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili huku Maalim akiendelea kumsomea, mambo mawili ambayo daktari na Maalim, kila mmoja kwa upande wake, walisema hayagombani. Fundi hakuitwa tena, lakini mama yangu alimpelekea sahani ya halwa, na nilifurahi alipofanya hivyo.

Mwezi wa Agosti mpwa wangu aliniambia anataka kuimaliza ile filamu. Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Tuliitazama mchana, madirisha wazi, mdogo wake akiwa madrasa. Bibi alikuja akaketi pale pale alipoketi mara ya kwanza. Nilifungua kinywa ili nianze kutafsiri, na binti akaniwekea mkono gotini, akamtafsiria Bibi yeye mwenyewe, tangu mwanzo, kwa sauti yake ya kawaida. Kwenye karamu alitafsiri bila kusita. Tulipofika mahali ambapo nguo inafunuliwa na ngozi ya tumbo inaanza kuvimba, akaisimamisha picha.

“Yasemaje hayo?” akauliza mama yangu.

“Yasema nisaidieni, Bibi.”

Mama yangu aliyatazama maandishi yale kwa muda mrefu, kisha akamwambia asogee karibu.